Tarehe ya Sarafu Zilizoingia Malolo

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita katika nchi ya Usagara akiwataka wakubwa wa vijiji watie alama zao katika hati za Kijerumani wasizoweza kuzisoma, na kwa nguvu ya hati hizo Kaizari wa Ujerumani akatoa cheti cha himaya tarehe 27 Februari 1885. Hivyo Malolo, iliyomo Usagara, na milima yake ikahesabiwa kuwa milki ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kabla wenyeji hawajaiona sura ya mwenye milki.

Sura hiyo ilikuja na rupia ya fedha ya mwaka 1890: Wilhelm II amevaa kofia ya chuma, juu yake tai amekunjua mbawa, na kumzunguka maneno ya Kilatini, Guilelmus II Imperator, kana kwamba dola ya Rumi haijafa. Upande wa pili amesimama simba mbele ya mtende. Vespasian naye, mtawala wa Rumi, Yerusalemu ilipokwisha kutekwa mwaka 70, alipiga sarafu zenye mtende, lakini chini yake aliketi mwanamke wa Kiyahudi akilia. Mrumi alimwonyesha aliyeshindwa. Kampuni ilimwondoa kabisa, ikamweka mnyama, na kwa rai yangu huo ndio uongo mkubwa wa sarafu ile.

Pesa ya shaba ilikuwa na busara zaidi, maana nyuma ya tai paliandikwa kwa harufi za Kiarabu, pamoja na mwaka wa Hijra 1307, na watu wa misafara waliojua kusoma walifahamu. Hata hivyo, kilichoieneza rupia bara si uzuri wa nakshi bali kodi ya nyumba ya mwaka 1897, rupia 3 huko mashamba, na asiyekuwa nazo alitoa mazao au nguvu zake.

Mwaka 1916, bahari imekwisha fungwa na vita, Wajerumani walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya milima. Kaizari hayumo, ila tai wake.

Wajerumani walipokwisha kushindwa, Waingereza wakaleta shilingi ya simba na milima, na George V kwa Kilatini kilekile, mfalme na Imperator wa Uhindi, cheo kilichofutwa baada ya Uhindi kujitawala mwaka 1947. Senti 10 haikuwa na kichwa cha mtu: pembe mbili za ndovu zililizunguka tundu lake.

Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa, na Nyerere akakaa pale alipokaa mfalme. Nyuma ya senti 50 akawekwa sungura, na nyuma ya shilingi mkono ulioshika mwenge, pamoja na maneno Shilingi Moja, ambayo mtoto wa shule wa Malolo aliweza kujisomea.