Moyo wa Mezani

Siku hizi mbili tatu nimezama maktaba nikifuatilia swali moja: vali ya bandia, kabla haijawekwa kwa mtu, inajaribiwa wapi? Kumbe ni mezani, kwenye moyo wa kuigiza unaosukuma maji. Na mchezo huu ni wa zamani kweli.

Karibu mwaka 1513 Leonardo da Vinci, kule Italia, aliandika jinsi ya kutengeneza kwa kioo mwanzo wa aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni. Unamimina nta kwenye moyo wa ng'ombe upate umbo lake, unalifanyia kalibu ya plasta, humo unapuliza kioo chembamba. Kisha unapitisha maji yenye mbegu za nyasi, unaangalia zinavyozunguka. Akasema ile mizunguko midogo nyuma ya vali ndiyo inayosaidia kuifunga. Mwaka 1968 watafiti wa Oxford, akina Bellhouse, wakajaribu kwa modeli yao na kuiona mizunguko hiyohiyo. Zaidi ya miaka 450 jamani!

Sasa twende kwenye hesabu. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, ni mara 100,800 kwa siku, karibu milioni 37 kwa mwaka. Nani atasubiri miaka kumi? Ndiyo maana mashine za majaribio huendeshwa kasi kuliko moyo. Kipimo cha kimataifa kwa vali ngumu ni kufunga na kufungua mara milioni 400.

Lakini meza nayo ina mipaka yake. Mwaka 1979 ilitoka vali ya Björk-Shiley ya muundo mpya, kisahani kilichoshikiliwa na vijiti vya chuma. Watu kama 86,000 waliwekewa. Kwa mamia yao kijiti kilikatika kifuani, ghafla, na wengi walifariki. Mwaka 1986 ikaondolewa sokoni. Baadaye ndipo ikaeleweka kwamba kisahani, kikijifunga, kiliweza kugonga ncha ya kijiti kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyokadiriwa.

Mimi ninachokiona ni hiki: modeli hujibu swali uliloiuliza tu. Leonardo alitia mbegu ili aone asichokijua. Sisi wa uhandisi tukiambiwa kifaa kimefaulu, tuulize kwanza: kilipewa mtihani gani? Mgonjwa yeye hana nafasi ya kurudia.

Ni hayo tu kwa leo. Tuko pamoja.