Kutoka Forodhani hadi Kasri la Vioo

Anayetaka kuijua vizuri historia ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na asome pia habari za Bhuj, mji mkuu wa zamani wa Kutch, kaskazini-magharibi ya India. Nasema hivi nikiwa mtu niliyefanya kazi ya forodha Unguja mpaka nikastaafu. Kazi ile inakuzoesha kuuliza mzigo umetoka wapi, unakwenda wapi, na nani kauchukulia ushuru njiani. Nilipojaaliwa kufika Bhuj, niliyatazama makasri yake kwa maswali hayo hayo.

La kwanza ni Aina Mahal, Kasri la Vioo, lililomo ndani ya ngome ya watawala iitwayo Darbargadh. Lilijengwa katikati ya karne ya 18 kwa amri ya Rao Lakhpatji, mtawala aliyependa mashairi hata akaanzisha chuo cha kuwafunza washairi. Fundi wake mkuu, Ramsingh Malam, alikuwa baharia. Wenyeji husimulia kwamba chombo chake kilizama, akaokolewa na Waholanzi, akaishi Ulaya miaka 18 hivi akijifunza kutengeneza vioo, vigae na saa. Aliporudi, Lakhpatji alimfungulia hazina. Vikaanzishwa viwanda vya vioo na vigae, chuma kikayeyushwa kwa ajili ya mizinga, na Ramsingh akatumwa tena Ulaya, safari hii pamoja na vijana wa kujifunza.

Matunda ya kazi hiyo yanaonekana mpaka leo. Kuta za marumaru nyeupe zimefunikwa vioo, na baina ya kioo na kioo kuna nakshi za dhahabu. Chumba kingine kina birika lenye chemchemi, na katikati ya maji kuna jukwaa alilokalia Rao akisikiliza muziki na mashairi. Kutch ni nchi kavu, jua lake kali, na mvua ni ya kungojewa kwa dua. Ukisimama chumbani mle unaelewa kwa nini mfalme alitaka kuzungukwa na maji.

Nilifuatana na bibi mmoja wa Kikutchi, mzaliwa wa Shangani, aliyeondoka Unguja na wazazi wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiswahili chake bado ni cha mjini kabisa. Tulipofika kwenye mlango uliopambwa kwa pembe za ndovu alinigusa mkono.

"Mwanangu, babu yangu alikuwa akiuza pembe. Akisema pembe ya Bara ni laini, patasi inaingia bila kuipasua. Ya ndovu wa huku ni ngumu, na haikawii kugeuka manjano."

"Na akiwauzia nani, Bibi? Wafalme?"

"Wafalme wangapi? Akiuzia maharusi."

Jibu hilo ndilo ufunguo wa biashara nzima. Sehemu kubwa ya pembe iliyovuka bahari kutoka kwetu kwenda Kutch na Gujarat ilichongwa bangili za harusi. Mwanamke alizivaa tangu siku ya ndoa, na mauti yakiingia ndani ya ndoa ile zilivunjwa au kuteketezwa. Kwa hiyo kila kizazi kilidai pembe mpya, na kila mwaka ndovu wengine waliuawa kule Unyamwezi na mbele yake. Kilichosalia kwenye makasri na makumbusho ni chembe tu ya kilichopita. Kingine chote kilivaliwa na wanawake wasiojulikana, kikaisha pamoja nao.

Njia yenyewe naijua kituo kwa kituo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremsha pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo, mabegani. Majahazi yakazivusha hadi Unguja. Forodhani zikapimwa kwa frasila, ambayo ni kilo 16 hivi, na kutozwa ushuru kulingana na zilikotoka. Kisha kusi lilipovuma zikapakiwa kwenda Bombay na Mandvi, bandari ya Kutch iliyo mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Bhuj. Kaskazi liliwarejesha wafanyabiashara na vitambaa vya pamba, kaniki ikiwemo, ile waliyoivaa bibi zetu mashambani.

Na forodha yenyewe ilikuwa mikononi mwa nani? Tangu miaka ya 1830 Sultani Sayyid Said aliikodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa jamii ya Bhatia kutoka Mundra, Kutch. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani fedha za mkataba na kubaki na ziada. Ilimkopesha pia Sultani mwenyewe, pamoja na Waarabu na Waswahili waliotaka kufunga misafara ya Bara. Mwaka 1876 forodha ikahamia kwa Mkutchi mwingine, Taria Topan, ambaye ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ya Bara. Kwa miaka mingi mlango wa Afrika Mashariki ulifunguliwa na kufungwa na watu wa Kutch.

Hatua chache kutoka Aina Mahal lipo kasri la pili, Prag Mahal, kubwa na lenye mnara wa saa. Rao Pragmalji wa Pili aliliagiza mwaka 1865, likasanifiwa na Mwingereza, Kanali Henry St Clair Wilkins, kwa mtindo wa Kitaliano, na likamalizika 1879. Kwa uzuri halilifikii lile la vioo. Mimi lilinivuta kwa sababu nyingine. Wakati mawe yake yakipangwa, raia wa Rao huyo huyo walikuwa wakiendesha biashara Unguja, na baadhi yao walitia fedha katika misafara iliyorudi na pembe na watu. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi wa Unguja kuwaacha huru watumwa wao. Mwaka 1873 mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alikuja kumshinikiza Sultani Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa, na msafarani mwake alikuwemo Kazi Shahabudin, diwani wa Kutch. Bhuj ilijua vizuri kinachotendeka Unguja.

Yapo pia Makumbusho ya Kutch, kando ya ziwa Hamirsar, yaliyoanzishwa 1877 na ambayo ni ya zamani kuliko yote Gujarat. Asikose mtu kumwona ndovu mweupe wa mbao mwenye mikonga mingi.

Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko liliupiga mji huu, likaua maelfu ya watu katika jimbo na kubomoa sehemu ya Aina Mahal. Sisi wa Unguja tumeliona jumba letu la Beit al-Ajaib likianguka upande mmoja Desemba 2020. Majumba yakiporomoka watu hulia, fedha huchangwa na mafundi huitwa. Karatasi za biashara ile zikioza hakuna anayesikia.

Nazo karatasi ndizo zenye majina: nani alikopa, msafara gani ulirudi, frasila ngapi, deni la nani halikulipwa. Bibi aliniambia kwao waliziita chopda, madaftari marefu yenye jalada la kitambaa chekundu, yaliyoandikwa Kigujarati. Mengine bado yamo kwenye maghala na madari ya nyumba za Unguja, Mombasa, Lamu na Bagamoyo. Ewe msomaji, likiwa kwenu limo moja, usiliuze kwa kilo wala usilichome. Lipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani, au Fort Jesus ukiwa Mombasa, maadamu wazee wanaoweza kulisoma bado tunao.