Katumba: Nyumbani Nilikorudi Kama Mgeni

Wewe unayesoma haya ukiwa Makamba, Kigoma au Mpanda, huenda ushirika wetu unaujua kwa kwaya na makongamano. Vijana wengi hawajui tulikotoka. Nimeombwa historia kidogo, nami nitaipitisha kijijini Katumba nilikozaliwa.

Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walianza kazi Burundi mwaka 1935, na Kiremba ya kusini ikawa kituo chao kikubwa. Ukitaka kujua kwa nini Wapentekoste walikuwa wengi kambini, anzia hapo. Mauaji ya 1972 yalipotokea, watu wa kusini walikimbia, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi kwenye Ziwa Tanganyika. Ndani ya mitumbwi hiyo walikuwemo wazee wa kanisa, walimu wa Jumapili na wanakwaya. Baba yangu alivuka na Biblia ya Kirundi na sufuria moja. Sufuria ilipotea Kigoma.

Serikali ya Tanzania ikawapa pori. Ulyankulu ilifunguliwa 1972, Katumba 1973, Mishamo 1978. Usifikiri walikuta mji! Ilikuwa miombo, mbung'o na simba. Kila familia ilionyeshwa shamba lake, ikaanza kufyeka. Wazee walisema kanisa la kwanza la kijiji chetu lilikuwa kivuli cha mti, kisha nyasi, kisha matofali waliyofyatua wenyewe. Ibada ilikuwa Kirundi tupu. Ila mkuu wa makazi akija kutembelea, ghafla kila mhubiri alijua Kiswahili.

Kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali. Mwinjilisti akitaka kwenda Mpanda mjini kuhubiri, anaomba karatasi kwanza. Nakuambia hili ili ukipanda basi kwenda kongamano nchi nyingine, ukumbuke waliotutangulia.

Halafu ikaja 2008. Sisi wa 1972 tuliambiwa tuchague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Kati ya watu kama 218,000 wa makazi yale matatu, wanne kwa kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kama 162,000 wamepewa uraia, ingawa vyeti vilianza kugawiwa 2014 tu. Hesabu hizo utazisoma popote. Usichokisoma ni kwamba uchaguzi ule ulipita katikati ya nyumba. Kwetu, mimi na mama tulijiandikisha kurudi. Kaka yangu akabaki. Baba alikuwa amezikwa Katumba, na kaka akaniuliza, "Baba unamwachia nani?" Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti la kanisa.

Tulipanda treni hadi Kigoma, kisha magari. Burundi walicheka Kirundi chetu, na shamba la baba lilikuwa na wenyewe wengine. Tulipata kipande baadaye, baada ya vikao vingi. Huko ndiko nilikosoma chuo cha Biblia, nikaitwa kwenye uinjilisti. Kaka hatukuwasiliana miaka minane.

Mwaka 2016 kanisa likanituma Katumba. Mpakani Manyovu niligongewa muhuri wa mgeni, niende kijiji nilichozaliwa. Nilikuwa nimeandaa mahubiri ya kuwafariji "walioachwa". Wakanikalisha kiti cha wageni, wakanipa soda. Kisha mzee mmoja wa kanisa akasema taratibu, "Mwinjilisti, sisi hatujaachwa. Neno tunalo tangu 1973. Tusaidie kwenda kwa Wasukuma."

Kumbe wafugaji wa Kisukuma walikuwa wamehamia pembeni na ng'ombe wao, na wazee wao wengi hawakukielewa vizuri Kiswahili cha mahubiri. Mimi Kisukuma sijui hata salamu zote. Nikauliza nani atatafsiri. Wakaangaliana, yaani kanisa zima lilijua. Aliyekijua vizuri alikuwa kaka yangu. Alikuwa amefanya nao biashara ya mahindi miaka yote ile.

Basi jioni tukasimama pamoja chini ya mwembe, yeye na mimi, bila kuwa tumeongea bado. Nilihubiri juu ya Yakobo kurudi kwa Esau. Usiniulize kwa nini nilichagua hilo, nadhani Bwana alinichagulia. Nilipofika mahali pa Yakobo kuinama mara saba, nikasema kwamba na mimi nina ndugu niliyemkosea. Kaka hakutafsiri. Watu wakangoja. Akanigeukia, akasema kwa Kirundi, "Rudia, sijasikia vizuri."

Nikarudia. Akawaambia Wasukuma kitu kirefu kuliko nilichosema, na wale wazee wakaanza kucheka na kupiga makofi. Mpaka leo amekataa kuniambia aliwaambia nini.

Kesho yake alinipeleka kaburini. Alikuwa ameshalijengea kwa saruji, na kwenye orodha ya watoto wa marehemu jina langu lilikuwepo, la pili, mahali pake.