Manjano: Kiungo cha mchuzi kilichozua mzozo wa hataza

MANJANO, kiungo kinachoupa mchuzi rangi ya dhahabu, ni miongoni mwa dawa kongwe za Ayurveda, tiba ya jadi ya Bara Hindi. Unga wake hupakwa kwenye vidonda, na hutiwa katika maziwa moto ili kutuliza kikohozi.

Mnamo 1995 Marekani iliwapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi hataza ya kutibu vidonda kwa manjano, kana kwamba huo ulikuwa uvumbuzi mpya! Baraza la utafiti wa kisayansi la India lilipinga, likawasilisha ushahidi yakiwemo maandishi ya kale ya Kisanskriti, na mwaka 1997 hataza hiyo ikafutwa.

Hata hivyo, ukongwe wa dawa si ithibati ya nguvu zake. Kurkumini, kemikali inayosifiwa zaidi, ni takriban asilimia 3 tu ya unga huo, na mwili huifyonza kwa shida. Pilipili manga, ambayo aghalabu hutiwa chungu kimoja na manjano, huongeza ufyonzaji huo. Watengenezaji wa vidonge huiga mbinu iyo hiyo, lakini kwa vipimo vikubwa mno kuliko vya mpishi, na baadhi ya watumiaji wamepata madhara ya ini.