UZI: Mawe ya Taita Taveta ni ya nani?

1/ Kila msimu wa kampeni utaisikia hii: "Madini ni yenu, mtapata 10%!" Makofi. Lakini 10% ya nini haswa? Tupitie historia kidogo.

2/ Sheria ya Madini ya 1940, ya mkoloni, iliweka madini mikononi mwa serikali. Shamba lako, jiwe lililo chini si lako. Uhuru ukaja, sheria ikabaki. Mchimbaji mdogo mwenye sururu na tindo hakutambuliwa. Alichimba kwa kujificha na kuuza kwa kujificha.

3/ Hata wenye leseni hawakulala usingizi. 1973, mwanajiolojia John Saul na mwenzake walipata rubi Mangare, ndani ya Tsavo West. 1974 Saul akafukuzwa nchini, na machimbo yakaenda kwa watu walio karibu na mamlaka.

4/ Mwaka huohuo wa 1974, kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kuuza kito cha kijani kwa jina la tsavoraiti, kutoka neno Tsavo. Aliyekigundua, Campbell Bridges, aliuawa na kundi la watu karibu na Voi, Agosti 2009, baada ya mvutano mrefu kuhusu machimbo.

5/ Ndipo ikaja Sheria ya Madini ya 2016. Mchimbaji mdogo sasa anaweza kupata kibali. Mrabaha unagawanywa hivi: serikali kuu 70%, kaunti 20%, jamii 10%. Hapo ndipo wanasiasa huishia.

6/ Shida ni hii: mrabaha unategemea thamani ya jiwe. Na thamani inasomwa ndani ya jiwe, kwa lenzi ya kukuza mara 10 na hadubini.

7/ Rubi huwa na sindano nyembamba za rutile, wataalamu huziita hariri. Ukiichoma jiwe kwa joto kali, zinayeyuka au kukatika. Zikiwa nzima, ni dalili kwamba halijachomwa, na bei inapanda. Tsavoraiti nayo mara nyingi hubeba vipande vya grafaiti kutoka mwamba ilikozaliwa. Kwa maabara, huo "uchafu" ni kama cheti cha kuzaliwa.

8/ Kwa mchimbaji asiye na kifaa, huohuo uchafu ni sababu ya dalali kumwambia, "Hili limeharibika, chukua hii kidogo." Jiwe linaondoka shimoni kwa bei ya kutupa, mara nyingi bila karatasi. Likisomwa vizuri, litasomewa mbali.

9/ Kwa hivyo 10% ya mrabaha wa bei ya shimoni ni tone. 10% ya mrabaha wa jiwe ambalo halikuandikwa popote ni sifuri.

10/ Ndiyo maana mambo kama kituo cha vito cha Voi si hadithi ya majengo tu. Mgombea akikuahidi asilimia, muulize: nani atalisoma jiwe kabla halijauzwa, na mchimbaji ataona matokeo?

Sambaza hii kabla ya mkutano ujao.