Kompyuta uliyounganisha mwenyewe haiwaki: angalia haya kabla ya kurudi Kampala

Makala hii ni kwa wakazi wa Nakivale wanaonunua vipande vya kompyuta Mbarara au Kampala na kuviunganisha wenyewe, iwe kwa duka la kuchapisha, kwa masomo au kwa kazi za intaneti. Mara nyingi pesa hizo ni mkopo wa kikundi cha akiba, na marejesho huanza hata kabla mashine haijaingiza shilingi moja. Kutoka Mbarara hadi Kampala peke yake ni karibu kilomita 270. Usifunge safari kurudisha kipande ambacho huna uhakika kuwa ni kibovu.

Kompyuta inapokataa kuwaka mara ya kwanza baada ya kuunganishwa, ubovu wa kipande si jambo la kwanza la kushuku. Mara nyingi kuna waya uliosahauliwa, RAM ambayo haijaingia hadi mwisho, au vipande viwili visivyopatana. Hayo unaweza kuyagundua mezani kwako kwa bisibisi moja.

Haiwaki vipi?

Kuna mashine isiyoonyesha dalili yoyote: hakuna feni, hakuna taa. Kuna inayozungusha feni huku skrini ikibaki nyeusi. Na kuna inayoonyesha maandishi, kisha inasema haikupata diski ya kuanzia. Kama yako ni hii ya mwisho, mashine ni nzima. Ama diski haijachomekwa vizuri, ama ni tupu na inasubiri uiwekee Windows au Linux kwa flashi. Watu wamewahi kubeba mashine ya namna hii hadi kwa fundi na kulipia ukarabati usiohitajika.

Hakuna dalili yoyote

Anza nje ya kasha. Plagi ya miguu mitatu inayotumika Uganda ina fyuzi ndani yake, na fyuzi ikikatika waya wote haufanyi kazi. Waya wa umeme wa monita kwa kawaida ni wa aina ileile na wa kompyuta, kwa hiyo ubadilishe ujaribu. Halafu tazama nyuma ya pawasaplai: swichi yake iwe upande wa alama ya mstari, si wa duara.

Pawasaplai nyingine za mitumba zina kitufe kidogo chekundu cha kuchagua 115 au 230. Umeme wetu ni wa volti 240, kwa hiyo kitufe kiwe 230. Kikiwa 115 ukawasha, utasikia mlipuko na pawasaplai itakuwa imekwisha. Kikague kabla ya kuchomeka waya kwa mara ya kwanza. Na usifungue pawasaplai kwa sababu yoyote: ndani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kama unatumia sola, inveta nayo inaweza kuwa chanzo. Zile za bei nafuu hutoa umeme usio laini, na pawasaplai nyingine huukataa: kompyuta inashtuka kidogo kisha inazima. Printa ya leza pia huvuta umeme mwingi sana inapopasha joto. Chomoa kila kitu kingine, jaribu kompyuta na monita tu. Ikiwezekana, ipeleke kwa mtu mwenye umeme wa gridi uijaribu huko kabla ya kulaumu kipande chochote.

Kama umeme ni mzuri, angalia nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kitufe cha mbele ya kasha. Ni rahisi sana kuzichomeka pasipo pake. Kitabu cha mazabodi, au maandishi madogo kwenye ubao wenyewe, huonyesha pini mbili za kuwashia. Zichomoe nyaya hizo, kisha ziguse pini hizo mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, shida ni kitufe au nyaya zake.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo pesa nyingi hupotea. Kama RAM ni ya DDR5, subiri kwanza dakika kadhaa: mara ya kwanza mashine hujipima na skrini hubaki nyeusi wakati huo. Kisha angalia waya wa monita. Kama una kadi ya grafiki, waya uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la mazabodi.

Baada ya hapo tafuta waya wa umeme wa prosesa. Mbali na plagi kubwa ya pini 24, mazabodi ina tundu la pini 4 au 8 karibu na prosesa, mara nyingi kwenye pembe ya juu ambako mkono haufiki vizuri. Bila waya huu feni zinaweza kuzunguka kama kawaida, lakini prosesa haina umeme. Kwa maoni yangu, huu ndio waya unaosahauliwa kuliko wote.

RAM nayo inahitaji nguvu kuliko unavyodhani. Zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha kasha, kisha toa RAM. Safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, hasa kama kilikaa wazi kwenye vumbi letu la kiangazi. Irudishe kwa kusukuma pande zote mbili mpaka vishikizo vifunge. Anza na moja tu, kwenye nafasi ya pili kutoka kwa prosesa kama ubao una nafasi nne. Ikishindwa, ijaribu ile nyingine.

Bado giza? Soma jina la prosesa. Jirani yangu mmoja wa Rubondo alikuwa ameshanunua pawasaplai ya pili, na alikuwa anajiandaa kununua RAM nyingine, aliponiita. Prosesa yake ilikuwa ya Intel, na namba yake iliishia na herufi F. Hizo hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Lazima kuwe na kadi ya grafiki. Hakuna kipande chake hata kimoja kilichokuwa kibovu, na pawasaplai ile ya pili hakuihitaji. Ryzen nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 ziko hivyo pia, isipokuwa zenye herufi G. Tena, prosesa mpya kuliko mazabodi inaweza kuingia vizuri kabisa na bado isiwake mpaka BIOS isasishwe. Mwulize muuzaji kabla ya kulipa.

Vua vyote, anza na vichache

Ukishindwa, toa mazabodi kwenye kasha na uilaze juu ya boksi la karatasi ngumu. Acha prosesa na feni yake, RAM moja, pawasaplai, na kadi ya grafiki kama prosesa inaihitaji. Washa kwa bisibisi. Ikiwaka, basi kitu fulani ndani ya kasha kilikuwa kinagusa ubao: mara nyingi ni kinguzo cha shaba kilichofungwa mahali pasipo na tundu la skrubu. Rudisha vipande kimoja kimoja, ukiwasha kila mara.

Mazabodi mpya nyingi zina taa ndogo zinazokuambia imekwama wapi: prosesa, RAM, grafiki au diski. Za zamani hupiga mlio, lakini bila spika ndogo iliyochomekwa kwenye ubao hutasikia kitu, na ukimya huo haumaanishi lolote.

Tahadhari kuhusu mitumba ya ofisini: mashine nyingi za Dell na HP hutumia plagi za umeme za aina yao wenyewe. Mazabodi iliyotolewa humo huenda isikubali pawasaplai ya kawaida. Ni afadhali kununua mashine hiyo nzima kuliko ubao wake peke yake.

Ukilazimika kurudi dukani

Nenda na risiti na vipande vyote, si kile unachoshuku tu, kwa sababu muuzaji atataka kuona vilivyofanya kazi pamoja. Kabla ya kuondoka, piga picha tundu la prosesa. Pini zilizopinda ndicho kisingizio cha kwanza cha kukataa kubadilisha, na picha uliyoipiga siku ya kununua ina uzito kuliko ya leo. Piga simu kwanza uulize kama fundi wao atakuwepo siku hiyo, na mwombe aijaribu mbele yako kabla hujapanda basi la kurudi.