Mgandamano, Si Mlundikano

Katika orodha mpya ya istilahi za nishati niliyoletewa, mchanga unaonatana ndani ya tanuri la mchanga unaotokota kwa kupulizwa hewa umepewa jina la "mlundikano wa chembe". Waliolipitisha neno hilo, sina shaka, walikaa karibu zaidi na birika la chai kuliko tanuri.

Kilicholundikana hutawanywa kwa beleshi. Sasa choma maganda ya kahawa, ambayo majivu yake yamejaa potasi, juu ya mchanga wa kawaida kwenye nyuzi 850 za Selsiasi. Silika peke yake hungoja takriban nyuzi 1,700 ndipo iyeyuke. Ikikutana na potasi, huzaa silikati inayoyeyuka hata chini ya nyuzi 800. Kila punje huvikwa utando wa kioo laini, punje hii ikaikamata ile, hewa ikajitafutia upenyo, mchanga ukaacha kutokota. Tanuri likishazimwa na kupoa, fundi huingia na nyundo na tindo. Lundo gani hilo la kuvunjwa kwa tindo?

Kiswahili kilishalimaliza jambo hili zamani. Chukua ganda. Litie -am-, kiambishi kile kile kilichomo katika inama na tuama, ambacho hutaja hali iliyokaa mahali pake: unapata gandama. Kisha -an- ya kutendana, kama katika pendana: gandamana. Kunata kumo, kutobanduka kumo, na kuhusiana kwa punje na punje kumo, vyote ndani ya kitenzi kimoja. Shikamana imetupa mshikamano, fungamana ikatupa mfungamano. Gandamana imekosa nini hata inyimwe mgandamano?

Mtaalamu mmoja mwenye shahada za kutosha anahofia kwamba litachanganywa na mgandamizo. Mbona mapato na mapatano hayajamchanganya hata yeye mwisho wa mwezi? Mwingine anatetea ukoko. Neno tamu, ila ukoko hushika chungu. Tumwachie alitumie kwa majivu yanayoganda juu ya mabomba ya boila.

Kuhusu matumizi: mchanga hugandamana, mgandamano hupunguzwa kwa kuacha mchanga wa silika, kutia kaolini au kushusha joto.

Orodha hiyo ikichapwa upya, mstari huo ufutwe. Mlundikano warudishiwe watu wa maghala.